Maneno ya Mkia Mmoja

Jicho na sikio ni majirani katika uso mmoja, lakini hawapatani kila mara. Jicho huona umbo la kitu, na sikio hupokea sauti yake; na hakimu mwenye busara hatoi hukumu kwa neno la shahidi mmoja ilhali wa pili yupo nje wala hajaitwa. Jambo hili ni kweli katika mengi ya dunia, na ni kweli zaidi katika kusoma Kiingereza. Nataka, msomaji, tulitazame pamoja, maana wewe umo shuleni, na haipiti siku ila umesoma lugha hiyo kwa sauti mbele ya wenzako, au umemsikia mwenzako akiisoma.

Chukua karatasi uandike maneno haya matano, moja chini ya jingine: rough, tough, cough, dough, bough. Kila neno lina herufi tano, na kila neno limekwisha kwa herufi nne zile zile: o, u, g, na h. Hayatofautiani ila kwa herufi ya kwanza. Machoni ni watoto wa mama mmoja waliovishwa nguo za kitambaa kimoja siku ya Idi. Sasa uwaite kwa majina yao. Wa kwanza, mwenye maana ya kitu kisicho laini, huitwa raf. Wa pili, mwenye maana ya kitu kigumu kisichokatika upesi, huitwa taf. Wa tatu ni kikohozi, naye huitwa kof. Wa nne ni unga uliokandwa, jina lake dou. Wa tano ni tawi kubwa la mti, naye huitwa bau. Watoto watano, nguo moja, na sauti nne!

Ukiongeza herufi moja mambo hayawi mepesi. Maneno though, enough, trough na plough yana herufi sita kila moja na mkia ule ule. Lakini la kwanza ni dhou, la pili inaf, la tatu trof, na la nne plau. Ukiongeza herufi nyingine tena unakutana na through, ambalo huitwa thruu, wala halifanani na hata moja katika hayo yaliyotangulia.

Wala usidhani kwamba ukoo huu mmoja ndio wenye fitina. Yatazame maneno ya herufi nne yenye kuishia kwa omb. Bomb, yaani bomu, hutamkwa bom. Comb, yaani kitana, hutamkwa koum. Na tomb, yaani kaburi, hutamkwa tuum. Yatazame yenye kuishia kwa ear. Hear, near, dear na fear husikika kwa ia. Bear, pear na wear husikika kwa ea. Na tear huwa na nyuso mbili, kwani kwa sauti ya kwanza ni chozi, na kwa sauti ya pili ni kuchana nguo. Anayeliona neno hilo peke yake ukurasani hawezi kujua aomboleze au atafute sindano na uzi.

Sisi wenye Kiswahili twashangaa, maana kwetu mambo hayaendi hivyo. Pita, sita na vita yana herufi nne kila moja na mkia mmoja, na sikio huafikiana na jicho bila ubishi. Juu ya msingi huo mtunzi wetu wa mashairi hujenga nyumba yake. Huhesabu mizani nane katika kipande na nane katika kipande cha pili, kisha hutafuta vina. Na kina akionacho kwa jicho ndicho atakachokisikia mwimbaji. Kwa Waingereza sivyo. Wao wana vina vinavyoonekana lakini havisikiki. Mshairi wao anaweza kuweka love mwisho wa mstari na move mwisho wa mstari mwingine. Jicho likaridhika, ilhali sikio linasikia lav na muuv na kukunja uso. Vina vingine vya namna hii vilikuwa vina kamili zamani. Wataalamu wa matamshi ya kale, miongoni mwao David Crystal, ambaye mwaka 2004 alitayarisha matamshi ya zama za Shakespeare kwa ajili ya jukwaa la Globe mjini London, wameonyesha kwamba maneno kama hayo yalipatana sauti katika siku za mtunzi huyo, aliyefariki mwaka 1616. Vina vyake havikuwa vibovu. Sauti ndiyo iliyohama, na maandishi yakabaki.

Yote haya yangekuwa mchezo wa kupitishia wakati, kama fumbo na kitendawili, lau yasingewagusa watu. Lakini yanawagusa. Katika darasa letu alikuwapo kijana mpole aliyetoka mbali sana bara. Nyumbani kwao hapakuwa na redio, wala hapakuwa na mtu wa kusema naye Kiingereza. Alichokijua cha lugha hiyo alikitoa vitabuni, na vitabu hivyo alivisoma kwa mwanga wa koroboi. Siku moja aliamriwa asimame asome hadithi iliyotaja ndege aliyetua juu ya bough. Alisoma vizuri mpaka akafika kwenye neno hilo, akalitamka baf. Darasa lote likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, kisha akamsahihisha kwa maneno makali kuliko kosa lenyewe. Kabla ya kengele ya mchana Baf ilikuwa imekwisha kuwa jina lake, naye alilichukua jina hilo mpaka siku tulipoagana. Mimi nilikaa naye dawati moja. Niliona jinsi vidole vyake vilivyotetemeka kila kitabu cha hadithi kilipofunguliwa, na tangu siku ile sikumwona akiinua mkono ili asome tena.

Kijana yule, msomaji, alikuwa wa kwanza wetu katika hesabu. Alikuwa na kipawa cha kutazama mifano miwili, kuchota kanuni iliyomo ndani yake, na kuitumia kanuni hiyo katika mfano wa tatu ambao hajapata kuuona. Basi alikuwa amekwisha kuona rough, akaambiwa ni raf. Alikuwa amekwisha kuona tough, akaambiwa ni taf. Alipokutana na bough alitumia kipawa kile kile, akasema baf. Saa tatu asubuhi akili ile ilipigiwa makofi. Saa tano ilipigiwa kicheko. Haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni somo.

Kwa nini kanuni iliyomfaa katika hesabu ilimsaliti katika kusoma? Jibu lake limo katika historia, na historia yenyewe inapendeza. Zamani, kabla Wanormani hawajaingia Uingereza mwaka 1066, Waingereza walikuwa na sauti ya koo ambayo wengi wao leo hawanayo. Ilikuwa ndugu ya ile tuisikiayo mwanzoni mwa kheri na mwishoni mwa sheikh. Waandishi waliofuata, ambao wengi wao walifunzwa desturi za Kifaransa, waliiandika kwa namna mbalimbali, na baada ya muda mrefu wakatulia juu ya herufi mbili, g na h. Basi gh haikuwa pambo. Ilikuwa sauti iliyotamkwa. Neno night lilikuwa na mkwaruzo wa koo katikati yake, kama alivyo nao hata leo binamu yake wa Kijerumani, Nacht. Na daughter ni binamu wa Tochter. Waskoti nao wameihifadhi sauti hiyo katika loch, yaani ziwa. Mwanafunzi wa Lamu au Mombasa akikutana na gh kwa mara ya kwanza katika Kiingereza, akaisoma kama ilivyo katika lugha na ghali, huchekwa. Kumbe wakati huo yeye yu karibu zaidi na mababu wa Waingereza kuliko wao wenyewe.

Sauti hiyo ya koo ilidhoofika miaka ilivyokwenda. Katika sehemu nyingine za nchi iligeuka ikawa f. Katika sehemu nyingine ilikufa kabisa bila kuacha mrithi. Watu wa majimbo yote walikutana London kwa biashara na kazi, kila mmoja na ulimi wake, na mji ule mkubwa ukapokea neno moja kutoka kwa hawa na neno jingine kutoka kwa wale. Ndiyo sababu cough ina f nayo dough haina. Zaidi ya hayo, tangu karne ya 15 hadi ya 17 au ya 18, irabu ndefu za Kiingereza zilihama kutoka mahali pake kinywani, nyingine zikapanda juu na nyingine zikapasuka zikawa sauti mbili.

Laiti maandishi yangalifuata msafara huo! Lakini mwaka 1476 William Caxton alisimamisha mtambo wa kupiga chapa huko Westminster, na wapiga chapa waliomfuata walizidi kuyazoeza macho ya watu kwa sura moja ya kila neno. Vitabu vikaenea, na kilichoenea kwa maelfu ni vigumu kukibadili. Herufi ziliketi, sauti zikaendelea na safari. Kwa hiyo, usomapo neno la Kiingereza, mara nyingi unasoma anwani ya nyumba ambayo mwenyewe alikwisha kuihama.

Wengine hawakuzaliwa katika nyumba ile, bali walikuja kama wageni. Comb ni neno la Kiingereza tangu asili, na b yake ilisikika zamani. Tomb na bomb yalitoka kwa Wafaransa, nayo yakaja na matamshi yake. Walikaribishwa chumba kimoja, wakavaa nguo moja, lakini kila mmoja akaendelea kusema kwa lafudhi ya kwao.

Sasa sikiliza jambo ambalo lingalimfariji sana yule mwenzetu kama angaliambiwa siku ile. Waingereza wenyewe walifanya kama alivyofanya yeye. Neno could zamani halikuwa na l hata kidogo. Lakini waandishi waliona would na should, ambayo yana l kwa haki ya asili yake, wakadhani ndugu wa tatu hafai kukosa kile walichonacho wawili. Wakamtilia l ambayo hakuna mtu aliyepata kuitamka kwa haki. Neno limb, yaani kiungo cha mwili, halikuwa na b. Waliona b mwishoni mwa lamb na maneno ya namna hiyo, wakaipachika. Na hiccup, yaani kwikwi, lililotungwa kuiga sauti ya kwikwi yenyewe, wengine waliliandika hiccough kwa kuwa walidhani ni aina ya kikohozi, ingawa matamshi yake yalibaki hikap vile vile. Makosa haya yote matatu yalitokana na kupima jambo jipya kwa jambo lililozoeleka, nayo yamo katika kamusi hadi leo, na mwanafunzi asipoiandika l ya could hukosa alama. Kosa la watu wengi likidumu miaka mingi huitwa kanuni. Kosa lile lile likifanywa na mtoto mmoja asubuhi moja huitwa ujinga.

Utaniuliza, kama tahajia hii ni ngumu hivyo, mbona hawaibadili? Wako waliojaribu. Noah Webster wa Marekani, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1828, alifaulu kupunguza herufi katika maneno kadhaa, na Wamarekani hata leo huandika plow mahali Waingereza wanapoandika plough. Lakini mengine aliyoyapendekeza watu waliyakataa, kwa mfano kuandika tung badala ya tongue. Mwandishi George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha katika wasia wake fedha za kutengeneza alfabeti mpya ya Kiingereza. Alfabeti ikatengenezwa, na mwaka 1962 tamthilia yake moja ikachapishwa kwa herufi hizo. Watu waliitazama, wakaistaajabia, wakairudisha rafuni.

Wanaoitetea tahajia ya zamani nao wana hoja, na haki ni kuwasikiliza. Husema kwamba herufi iliyonyamaza si lazima iwe imekufa. B ya bomb hainenwi, lakini husikika katika bombard. G ya sign imelala, lakini huamka katika signal. Ukiing'oa herufi hiyo umekata undugu ulio kati ya neno na neno. Tena huuliza, tukiandika kama tunavyotamka, tutaandika kama nani atamkavyo? Mskoti, Mhindi, Mnijeria na Mkenya hawatamki sawasawa, lakini wote husoma ukurasa mmoja wakaelewana. Maandishi yasiyomfuata mtu mmoja peke yake huweza kuwa daraja la wote.

Na sisi tusijivune kupita kiasi. Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Lakini tahajia yetu ya sasa, ya herufi za Kilatini, bado ni changa. Ilianza kushika njia katika karne ya 19, mikononi mwa watu kama Ludwig Krapf na Edward Steere, ambao iliwabidi kwanza wasikilize ndipo waandike. Na ikasawazishwa tangu mwaka 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Kiatu kipya hakina budi kuufuata mguu. Hata hivyo kina mahali panapobana. Barabara ya kupita magari na kazi iliyofanywa barabara huandikwa namna moja, lakini mkazo wa sauti si mmoja. Mtu wa Mombasa husikia tofauti kati ya paa la nyumba na paa wa porini, kwani p ya mnyama hutoka na pumzi. Kalamu haiionyeshi pumzi hiyo. Na ndimi za watu wetu pia zinakwenda. Miaka 500 ikipita, hapana ajuaye vijana wa wakati huo watasomaje kile tunachokiandika leo.

Basi, msomaji, tunajifunza nini katika maneno haya ya mkia mmoja? Tunajifunza kwamba herufi ni mali ya kila mtu, lakini sauti ni urithi. Mtoto aliyezaliwa penye redio, vitabu vya hadithi na wazazi wasemao Kiingereza hulipokea bau masikioni kabla hajajua kusoma, kama apokeavyo chakula. Mtoto mwingine hulipata peke yake ukurasani, bila mtu wa kumwambia. Huyu wa pili akilitamka vibaya, kosa lake lina ushahidi ndani yake: linashuhudia kwamba amelisoma neno ambalo hajapata kulisikia. Amefika kwa miguu mahali ambapo wenzake waliletwa kwa gari. Si haki kumcheka kwa vumbi lililo miguuni mwake.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imeviweka Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na kwa hiyo huwezi kuiepa kazi hii ya kusoma lugha mbili zenye tabia mbili. Ifanye kwa akili. Ukikutana na neno jipya la Kiingereza, usiliamini jicho peke yake. Fungua kamusi utazame alama za matamshi, au muulize anayejua, kwani kuuliza si ujinga. Uwe na daftari, na ndani yake uyapange maneno kwa sauti, si kwa mikia: bough na plough ukurasa mmoja pamoja na now na cow; dough na though ukurasa mwingine pamoja na go na so; tough na enough pamoja na stuff. Baada ya muhula mmoja utaona kwamba msitu ulioonekana hauna njia una vijia vingi, na vingi kati ya hivyo vinapitika.

Na siku mwenzako atakaposimama kusoma akajikwaa, mwambie sauti iliyo sahihi kwa namna itakayomfanya aendelee na sentensi inayofuata. Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakuwa na maana ya mtoto aliyekosea kutamka neno la kigeni. Maana yao ni ulimi uumizao watu. Katika darasa linalocheka, aliyejikwaa ulimi si yule aliyesimama na kitabu mkononi, bali ni wale walioketi.